Shindano la Usanifu wa Kihandisi: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Zoezi la usanifu wa kihandisi kwa vikundi vya wanafunzi huonekana jepesi: vijiti, gundi, uzi, muda mfupi, na agizo la kujenga kitu kitakachobeba mzigo au kuhimili anguko. Wepesi huo ndio uliozaa dhana kadhaa ambazo hata walimu huzirudia.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba hushinda kikundi kinachopanga kwa muda mrefu na kujenga mara moja tu. Zoezi la mnara wa tambi, lililobuniwa na mbunifu Peter Skillman na kuenezwa na mbunifu mwenzake Tom Wujec, linaonyesha vingine. Watu wanne hupewa tambi kavu 20, utepe wa gundi, uzi na dakika 18 wajenge mnara utakaobeba kileleni mashimelo, yaani peremende laini kama sifongo. Katika mhadhara wake wa mwaka 2010, Wujec alieleza kwamba kwa wastani watoto wa chekechea huwashinda wahitimu wapya wa shule za biashara. Wahitimu huanza kwa kugombea uongozi, kisha huchora na kujenga, na peremende huwekwa dakika ya mwisho. Mnara unapoinama, hakuna tena muda wa kuurekebisha. Watoto huiweka tangu jaribio la kwanza, wakaona udhaifu ulipo, wakajenga upya. Wengi, hata hivyo, huisimulia habari hii nusu na kuhitimisha kwamba elimu haina kazi, ilhali Wujec huyohuyo alisema kwamba wasanifu majengo na wahandisi ndio waliofanya vizuri zaidi.

Dhana nyingine ni kwamba vijiti vingi na gundi nyingi huleta uimara. Katika mashindano mengi ya madaraja, mzigo uliobebwa hugawanywa kwa uzito wa daraja lenyewe, hivyo daraja la gramu 100 linalobeba kilo 20 hulishinda la gramu 400 linalobeba kilo 40. Jambo la kutazama kwanza ni umbo. Fremu ya mraba yenye viungo vinavyozunguka hulala upande ikisukumwa kidogo tu, lakini pembetatu haiwezi kubadili umbo mpaka upande wake mmoja urefuke, ufupike au uvunjike. Kijiti kimoja cha mshazari kwa hiyo hufanya kazi ambayo kuongeza unene wa pande zote nne hakuwezi kuifanya.

Urefu nao una hesabu yake, iliyofafanuliwa na mwanahisabati Leonhard Euler katika karne ya 18: kijiti chembamba kinachokandamizwa kutoka ncha zote mbili hushindwa kwa kujipinda, na urefu wake ukiongezwa mara mbili, mzigo wa kukipinda hupungua hadi robo. Kukizuia katikati kisiyumbe kando kunaweza kukipa uwezo mara nne. Kinachovutwa hakina tatizo hilo, na hata uzi unatosha. Kwa maoni yangu, kikundi kinachojiuliza kuhusu kila kijiti cha daraja iwapo kinasukumwa au kinavutwa kimekwisha kujifunza nusu ya somo.

Katika zoezi la kudondosha yai, wengi hutafuta kasha gumu. Kasha gumu husimama ghafla, na yai husimama nalo ghafla. Kinachookoa yai ni kitu kinachobonyea polepole, kwa kuwa kani hupungua kadiri muda wa kusimama unavyorefuka.

Wapo pia wanaodhani kwamba mwenye hisabati nzuri aachiwe kazi yote, na wengine waokote vijiti. Kazi yafaa kugawanywa, lakini ikigawanywa, mawasiliano hayana budi kuwa makini. Mwaka 1999 Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA (shirika la anga za juu la Marekani) kilichotumwa sayari ya Mars, kilipotea kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za kani katika vipimo vya pauni, na upande wa pili ukazisoma kama za nyutoni, kipimo cha kani cha mfumo wa metriki. Kikundi ambacho mmoja hukata vijiti kwa inchi na mwingine kwa sentimita hupata msiba huohuo, kwa gharama nafuu zaidi.

Mwisho, daraja lililovunjika huhesabiwa kuwa kazi iliyopotea na mabaki hutupwa upesi, ilhali mabaki hayo ndiyo yanayoeleza kilichotokea. Kiungo kilichobanduka ni kosa la gundi, kijiti kilichopinda kabla ya kukatika ni kosa la urefu, na daraja lililopinduka likiwa zima ni kosa la ulinganifu. Jaribio linalofuata libadilishe kitu kimoja tu, la sivyo hakuna atakayejua kilicholiokoa daraja.