Haki za kikatiba: yasemwayo barazani Amu na yaliyoandikwa

Akaaye kwenye baraza za Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu (au Amu, kama wenyeji tuuitavyo mji huu), hakosi kusikia kwamba haki ni kitu ambacho serikali humpa mwananchi, na kwamba aliyetoa ana ruhusa ya kutwaa. Dhana hii ndiyo mama wa nyingine nyingi, na Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inaikana waziwazi. Kifungu cha 19 kinaeleza kwamba haki zilizomo katika Sura ya Nne ni za kila mtu na hazikutolewa na dola. Kazi ya dola ni kuziheshimu, kuzilinda na kuzitimiza. Tena kifungu cha 20 hakiifungi serikali pekee, bali kila mtu, akiwemo mwajiri na mwenye hospitali ya kibinafsi, na ndiyo sababu mgonjwa wa dharura hapaswi kunyimwa matibabu, awe amefika na pesa au mikono mitupu.

Dhana potofu huumiza zaidi mtu anaposimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi. Wapo wanaoamini kwamba polisi wanaweza kumweka mtu seli kadiri wapendavyo, na wapo wanaoshikilia kwamba saa 24 zikipita tu lazima aachiliwe. Kifungu cha 49 hakisemi hivi wala vile. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mahakamani haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 24 kupita, lakini saa hizo zikimalizikia nje ya saa za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo mvuvi wa Kizingitini aliyekamatwa Ijumaa saa kumi jioni anaweza kihalali kulala ndani hadi Jumatatu, ilhali mwenzake aliyekamatwa Jumanne saa tatu asubuhi anapaswa kuwa mbele ya hakimu kufikia Jumatano saa tatu. Wote wawili wana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha wanayoifahamu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kutolazimishwa kukiri jambo lolote. Kesi ikianza, asiyeelewa lugha inayotumiwa mahakamani ana haki ya mkalimani bila malipo, na mzee wa Kibajuni asione haya kuidai.

Kuhusu dhamana, wengi hudhani kwamba ni bei ya kutokea seli. Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika mahakamani, hailipiwi. Ikidaiwa dhamana ya pesa taslimu, pesa hizo ni amana. Hutolewa risiti, na mshtakiwa aliyehudhuria kesi yake hurudishiwa. Pesa isiyo na risiti si dhamana, hata ipokewe kwa upole namna gani. Isitoshe, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu yeyote kumweka mtu rumande akingoja kesi.

Kaunti yetu imepitia marufuku ya kutoka nje usiku baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na tangu hapo usemi kwamba penye usalama hapana haki umeota mizizi. Ni kweli kwamba kifungu cha 24 kinaruhusu baadhi ya haki kuwekewa mipaka kwa sheria, kwa kiwango kinachofaa na kwa sababu inayoweza kutetewa, na kwamba mshukiwa wa ugaidi anaweza kuzuiliwa kwa muda mrefu zaidi, ingawa kwa amri ya mahakama. Hata hivyo, kifungu cha 25 kinataja mambo ambayo hayapunguzwi kwa sababu yoyote: kutoteswa wala kutendewa ukatili, kutofanywa mtumwa, kuhukumiwa kwa haki, na haki ya kupata amri ya mahakama kwamba aliyezuiliwa afikishwe mbele yake. Familia ambayo kijana wao amechukuliwa na haonekani inapaswa kulifahamu hili la mwisho kuliko yote.

Maandamano nayo husemwa yanahitaji kibali. Sheria inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na washiriki wawe watulivu na wasio na silaha.

Kuhusu uraia, makosa ni ya pande mbili. Kuzaliwa Kenya peke yake hakumfanyi mtu raia, isipokuwa mtoto aliyeokotwa nchini akionekana hajatimiza miaka 8, na wazazi na uraia wake havijulikani. Kwa upande wa pili, mama anayerithisha uraia ni sawa na baba, hata mtoto akizaliwa ng'ambo. Binti wa Amu aliyeolewa Uarabuni asikubali kuambiwa kwamba watoto wake ni wa baba tu.

Iko dhana nyingine ambayo sisi wa Lamu tuna sababu ya kuifahamu: kwamba aliyetia saini karatasi ya mahudhurio mkutanoni ameridhia mradi. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari za mradi kwa mazingira kukamilika, wakati ambapo walikuwa na la kujadili. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya bandari ya Lamu kwamba haki za wakazi, zikiwemo za kupata habari na kuishi katika mazingira safi, zilikiukwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ushirikishwaji, basi, ni kupewa habari kwa wakati na kusikilizwa. Chai na mandazi ya mkutano havihesabiwi.

Wanaosema kwamba kesi za Katiba ni za matajiri wana nusu ya hoja, kwani mawakili ni ghali. Lakini kifungu cha 22 kinakataza ada ya kufungua kesi ya kudai haki za Sura ya Nne, kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya asiyeweza kujitetea, na kinaitaka mahakama ikubali hata maombi yasiyofuata muundo rasmi, barua ya kawaida ikiwa mojawapo. Barua hiyo kutoka Amu aghalabu itapelekwa Mahakama Kuu ya Garsen, na nauli ya boti hadi Mokowe na basi hadi Garsen haimo katika msamaha huo.