Usiitupe taa ya ukungu iliyopasuka

Taa ya ukungu hukaa mahali pabaya kuliko taa zote za gari. Iko chini kwenye bampa, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kupigwa na kokoto inayorushwa na lori, kukwaruzwa na ukingo wa maegesho, na kuzama dimbwini Mombasa Road ikifurika. Lakini hapo chini haikuwekwa kwa bahati mbaya. Ukungu ni matone madogo mno ya maji, na mwanga ukiyagonga hutawanyika na mwingine kukurudia machoni. Ndiyo maana ukiwasha taa za full ndani ya ukungu unaona ukuta mweupe tu. Taa ya chini ina mwanga mpana uliokatwa upande wa juu. Unapita chini ya usawa wa macho yako na kukuonyesha mstari wa pembeni na mahali lami inapoishia. Kazi hiyo inafanywa na kimo cha taa na umbo la mwanga, wala si rangi yake ya njano kama wengi wanavyoamini.

Anayezunguka mjini Nairobi, kati ya South C na Westlands, anaweza kumaliza mwaka bila kuihitaji. Anayepanda milima yenye ukungu ya Limuru na Kinale alfajiri ya Julai, huku malori ya Nakuru yakimjia, anaihitaji sana. Kwa sababu hiyo mimi kama fundi naichukulia kazi ya kuitengeneza kwa uzito, hata mteja anaposema ni urembo tu.

Wengi huja wakiwa wameshaambiwa wanunue taa nzima. Mimi huifungua kwanza. Ufa peke yake hauui taa, maji ndiyo yanayoiua. Yakiingia, yanaula ule mpako wa fedha wa ndani unaorudisha mwanga mbele, yanapasua balbu ikiwa ya moto, kisha yanashuka kwenye soketi na kuzifanya pini kuwa za kijani. Mpako ukishababuka, hapo kweli tafuta taa nyingine. Kama bado unang'aa, taa hiyo inapona. Tena usichanganye ufa na jasho. Mvuke mwembamba baada ya mvua au kuosha gari, unaoisha taa ikiwaka kwa muda, ni jambo la kawaida. Taa nyingi zina kijitundu cha kupumulia nyuma, mara nyingi chenye kifuniko kidogo cha mpira. Nimeona watu wakikiziba kwa gundi wakidhani wanazuia maji, kumbe wanayafungia ndani.

Kuitoa si lazima ushushe bampa. Kwenye Toyota nyingi tunazoziona hapa, za aina ya Axio na Fielder, unageuza usukani ili tairi ikupe nafasi, unang'oa klipu chache za plastiki ya ndani ya fenda, kisha unaingiza mkono. Zima taa na uiache ipoe kwanza. Balbu ya halojeni huunguza vibaya.

Ikishatoka, ioshe kwa maji vuguvugu yenye sabuni na uiache ikauke kabisa, mdomo ukitazama chini. Usiipake petroli wala tina ya kuyeyushia rangi. Kioo chake mara nyingi si kioo bali polikaboneti, nayo ikiguswa na vimiminika hivyo huota nyufa nyingine ndogo ndogo. Usisugue ule mpako wa ndani kwa kitambaa, kwa sababu utatoka nacho.

Sasa gundi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Supaglu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe ndani ya taa, usiofutika. Silikoni ya kawaida ya bafuni, ile inayonuka siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaushambulia mpako. Kwa ufa mwembamba natumia rezini ile ya kuzibia vioo vya mbele, inayokauka kwa jua. Ukingo ukiachana na kasha, natumia gundi ya polyurethane, ile ile wanayobandikia vioo vya magari. Kipande kikiwa kimepotea kabisa, usijaribu kukijaza. Mwanga ukipita kwenye kiraka unapotoka na kumpiga dereva anayekuja.

Masikio ya kushikia nayo hukatika sana. Geuza kasha utafute herufi zilizochapwa kwenye plastiki. Ukiona PP, yaani polipropilini, gundi yoyote utakayopaka itabanduka, hiyo inataka kuunganishwa kwa moto. Mimi huzamisha kipande cha wavu mwembamba wa chuma juu ya mvunjiko kwa pasi ya kulehemu, kisha nafunika kwa plastiki ya aina hiyo hiyo. Ukiona ABS, plastiki ya aina nyingine inayoshika gundi, epoksi nzuri inatosha.

Kabla hujarudisha balbu, soma maandishi kwenye kitako chake. H8, H11 na H16 zinafanana kiasi kwamba mtu anaweza kukwangua vijino vya moja ikaingia mahali pa nyingine. Lakini H11 ni wati 55, H8 ni 35, na H16 inayokuja na Toyota nyingi za karibuni ni 19. Ukiweka wati 55 kwenye kasha la 19, unapika plastiki na soketi. Mwanga utazidi kwa muda mfupi, halafu wewe utarudi kwa fundi na waya zilizoyeyuka. Usiguse kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi huchoma doa. Ukikigusa, kifute kwa spiriti.

Ikikataa kuwaka, fikiria kabla ya kununua chochote. Zikiwa zimekufa zote mbili, anza na fyuzi, rilei na swichi. Na kwenye magari mengi hazitawaka mpaka uwashe taa ndogo kwanza, jambo ambalo wateja kadhaa wameligundua wakiwa gereji kwangu. Ikiwa ni moja tu, angalia balbu, soketi na waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Pima umeme kwenye soketi balbu ikiwa imechomekwa. Kama betri inaonyesha volti 12.6 na soketi inapata 10, kuna mahali pamechakaa njiani, na mara nyingi ni athi yenye kutu. Kuipiga msasa na kuikaza upya kunamaliza tatizo.

Mwisho ni kulenga, hatua ambayo karibu kila mtu anairuka. Egesha mahali tambarare, mita 7.6 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, chora mstari ukutani kwa kimo hicho, kisha zungusha skrubu ya kurekebisha mpaka ukingo wa juu wa mwanga ushuke sentimita 10 chini ya mstari. Ikilenga juu inageuka kero kwa wengine na haikusaidii ndani ya ukungu.

Ukilazimika kununua iliyotumika kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyochapwa kwenye kioo, umbo la soketi na mahali pa masikio, kwa sababu gari la jina moja hubadilishiwa bampa kila linapotoka toleo jipya. Itikise uone kama kuna maji ndani, na umwombe muuzaji aiwashe kwa betri mbele yako. Na ukishaifunga, chora namba ya gari lako kwenye kioo chake pembeni, kama unavyofanya kwenye vioo vya kuonea nyuma, ili isije ikakutangulia kurudi sokoni.