Roboti ndani ya pango bila ya setilaiti: yanayodhaniwa na yalivyo

Tangu droni zilipoanza kupiga picha za kuchorea ramani ya Unguja na Pemba mwaka 2016, zikijiongoza kwa setilaiti, wengi hapa Zanzibar wamezoea kudhani kuwa chombo kinachojiendesha hakiwezi kujua kilipo kikikosa mawimbi ya angani. Husemwa kwamba roboti ikiingizwa katika pango la Kuumbi, kule Jambiani, itapotea papo hapo, isipokuwa ifungwe antena kubwa zaidi. Antena haitasaidia: mawimbi ya GPS husafiri kiasi cha kilomita 20,200, hufika yakiwa dhaifu mno, na dari nene ya jiwe la matumbawe hutosha kuyazima. Hata hivyo, kukosa setilaiti si kupotea. Roboti hupima umbali wa kuta kwa miale ya leza, huhisi kila inapogeuka au kuinama, kisha huchora ramani na kujitafuta ndani ya ramani hiyo hiyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hailazimiki kupewa ramani mapema. Mlango wa pango unatosha kuwa mwanzo wa hesabu.

Dhana inayonishangaza zaidi ni ile isemayo kuwa handaki lililonyooka ni rahisi kuliko pango lenye mawe yaliyochongoka. Kwa magurudumu ni kweli, lakini kwa kujua nafasi mambo ni kinyume. Kuta za Kuumbi, na mawe yanayoning'inia darini, huipa kila hatua sura yake; katika handaki laini leza huona kitu kile kile mbele na nyuma, hata roboti inayotembea ikaamini kuwa imesimama. Hapo hubaki kukisia kwa mizunguko ya magurudumu, kama nahodha akisiavyo safari kwa mwendo na saa usiku wa mawingu, na makosa hujilimbikiza: ikikosea uelekeo kwa digrii 1 tu, baada ya mita 100 itakuwa imekwenda kando karibu mita 1.7. Hujisahihisha inapotambua mahali ilipokwisha kupita, ingawa ikifananisha vyumba viwili visivyo kimoja, ramani nzima hupinda.

Wapo pia wanaoamini kuwa nje yupo mtu anayeiendesha kwa rimoti. Mawimbi ya redio hufifia baada ya kona chache tu. Katika fainali ya mashindano ya roboti za chini ya ardhi ya DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, Septemba 2021, ndani ya Louisville Mega Cavern huko Kentucky, kila timu iliruhusiwa msimamizi mmoja tu, na baadhi ya roboti zilidondosha vituo vidogo vya redio njiani. Vitu 40 vilifichwa, na alama ilipatikana kwa kutaja kilipo kitu bila kukosea zaidi ya mita 5. CERBERUS, walioshinda, walipata alama 23. Kwa mwokoaji anayemtafuta mtu, mita 5 zinatosha. Mtaalamu wa mambo ya kale anayechimba Kuumbi, ambaye kwake kila sentimita ina maana, bado atafungua utepe wake wa kupimia.