Kardinali wa Rutabo: Kumsoma Laurean Rugambwa kwa Macho ya Sheria ya Kanisa

Siku hizi ukisema "Kardinali Rugambwa", vijana wengi wanamfikiria Mwadhama Protase Rugambwa wa Tabora, aliyepewa ukardinali Septemba 2023. Mimi namzungumzia Laurean, yule wa kwanza. Nafundisha Sheria ya Kanisa, na nikifika kwenye mada ya vyeo na madaraka huwa namrudia yeye, kwa sababu maisha yake yanaivuruga picha ambayo karibu kila mwanafunzi anakuja nayo darasani: kwamba padre anapanda kuwa askofu, askofu anapanda kuwa askofu mkuu, na askofu mkuu anapanda kuwa kardinali, kama vyeo vya jeshini.

Rugambwa alikuwa kardinali kwa zaidi ya miaka 8 kabla hajawa askofu mkuu wa mahali popote.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Kamachumu, katika nchi ya Bukoba, kwenye ukoo wa kitawala wa Wahaya. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake, kwa hiyo si mtu aliyerithi Ukristo kutoka kwa babu. Alisoma Seminari ya Rubya, kisha Katigondo nchini Uganda, akapewa upadre tarehe 12 Desemba 1943. Baada ya miaka michache ya kazi za parokia akapelekwa Roma, na mwaka 1951 akatoka na udaktari wa Sheria ya Kanisa. (Nakiri kwamba hapo nina upendeleo wa kitaaluma.)

Mwishoni mwa mwaka huohuo mambo yakaenda mbio. Tarehe 13 Desemba 1951 Papa Pius XII alimega sehemu ya eneo la Bukoba, akaunda Vikarieti ya Kitume ya Kagera ya Chini na kumkabidhi Rugambwa. Hapa lazima nieleze kidogo, maana watu husoma "vikarieti" wakadhani ni jina jingine la jimbo. Vikarieti ya kitume ni eneo la umisionari ambalo bado halijakomaa kuwa jimbo. Mwenye eneo hilo kisheria ni Papa, na vikari analiongoza kwa niaba yake. Ndiyo maana Rugambwa, alipowekwa wakfu tarehe 10 Februari 1952 na Askofu Mkuu David Mathew, Mjumbe wa Kitume (mwakilishi wa Papa), hakupewa uaskofu wa Kagera. Alipewa jina la Febiana, jimbo la kale la Afrika Kaskazini lililokwisha kufa karne nyingi zilizopita. Kila askofu huwekwa wakfu kwa jimbo fulani, na Kagera ya Chini haikuwa jimbo, basi likatafutwa la jina tu.

Bukoba yenyewe ilibaki mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari, chini ya Askofu Alfred Lanctôt. Kwa hiyo kulikuwa na maeneo mawili yaliyopakana, moja la wamisionari na jingine la askofu mzalendo, yaani mwenyeji, na mapadre wake. Roma ilikuwa imeshaijaribu njia hiyo Masaka mwaka 1939 kwa Askofu Joseph Kiwanuka. Wapo wanaoiona kama heshima. Mimi naiona zaidi kama tahadhari: mzalendo anapewa kipande, wakubwa wanaangalia kitakwendaje.

Kilikwenda vizuri. Tarehe 25 Machi 1953 Papa alianzisha rasmi mfumo wa majimbo Tanganyika, na Kagera ya Chini ikawa Jimbo la Rutabo, chini ya Jimbo Kuu la Tabora. Febiana ikaachwa. Sasa Rugambwa alikuwa askofu wa jimbo kwa mamlaka yake mwenyewe, si mwakilishi tena. Kwa macho yangu badiliko hilo la 1953 lilikuwa kubwa kisheria kuliko kofia nyekundu ya ukardinali iliyokuja baadaye, ingawa hakuna anayelikumbuka.

Kofia ilikuja tarehe 28 Machi 1960. Papa Yohane XXIII aliwatangaza makardinali wapya, na kati yao walikuwamo Mjapani wa kwanza, Peter Tatsuo Doi wa Tokyo, Mfilipino wa kwanza, Rufino Santos wa Manila, na Laurean Rugambwa wa Rutabo, mwenye umri wa miaka 47. Linganisha hayo majimbo: Tokyo, Manila, Rutabo. Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na uhuru ulikuwa mbele kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Ujumbe ulikuwa wazi hata bila hotuba.

Watu husema alikuwa kardinali wa kwanza wa Afrika. Tuwe waangalifu. Charles Lavigerie, mwanzilishi wa haohao Mapadre Weupe, alikuwa kardinali akiwa Algiers, na Teodósio de Gouveia wa Lourenço Marques alipewa ukardinali mwaka 1946. Lakini mmoja alikuwa Mfaransa na mwingine Mreno. Rugambwa ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama zetu.

Na ukardinali ulimwongezea nini? Madaraka ya kuongoza waamini, hakuna. Daraja takatifu ni tatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Ukardinali si daraja ya nne. Ni wajibu wa kumshauri Papa na kumchagua mrithi wake, na kwa kuwa Papa ni Askofu wa Roma, makardinali huhesabiwa kuwa makleri (watu wenye daraja takatifu) wa Roma, na walio wengi hupewa kanisa la mjini humo. Rugambwa alipewa San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Aliporudi nyumbani hakuwa na amri yoyote juu ya askofu wa jirani. Juni 1960 akawa Askofu wa Bukoba, bado akiwa chini ya jimbo kuu la Tabora, huku kwa itifaki akimtangulia askofu wake mkuu. Wanafunzi hucheka nikifika hapo, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Uzito wake ulionekana Roma, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima. Maaskofu wa Afrika waliunda sekretarieti yao ili wasiseme kila mmoja peke yake, na Rugambwa akawa mwenyekiti. Mwaka 1963 aliingia kwenye konklavu, mkutano wa makardinali wa kumchagua Papa, iliyomchagua Paulo VI akiwa Mwafrika pekee. Akaingia tena mara mbili mwaka 1978.

Desemba 1968 ndipo alipohamishiwa Dar es Salaam, kushika nafasi ya Edgar Maranta, mtawa wa Kikapuchini kutoka Uswisi. Alikaa hapo zaidi ya miaka 23. Sheria inamtaka askofu aombe kung'atuka akifikisha miaka 75, lakini kuomba si kuondoka: Papa anaweza kumwacha aendelee. Rugambwa alifikisha 75 mwaka 1987. Polycarp Pengo aliletwa kuwa askofu mwandamizi mwenye haki ya kurithi mwaka 1990, na Rugambwa akaachia ngazi tarehe 22 Julai 1992, siku 10 baada ya kutimiza miaka 80, umri ambao kardinali hapigi tena kura katika konklavu.

Alifariki tarehe 8 Desemba 1997. Sheria hairuhusu watu kuzikwa ndani ya kanisa, isipokuwa Papa, na makardinali au maaskofu wa jimbo katika kanisa lao wenyewe, hata wakiwa wastaafu. Yeye alizikwa kwa muda Kashozi, kituo ambacho Mapadre Weupe walikianzisha mwaka 1892, kwa sababu Kanisa Kuu la Bukoba lilikuwa kwenye ukarabati. Ukarabati ulichukua muda mrefu. Mabaki yake yalihamishiwa Bukoba Oktoba 2012, miaka karibu 15 baada ya kifo chake.