Simu ya mwaloni haihesabu kila samaki

Wengi Ziwa Victoria huamini kwamba mchukua takwimu anayerekodi kwa simu samaki wanaoletwa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, asipohesabu kila sangara, kazi yake ni bure. Sivyo. Hupimwa samaki wa mialo michache, siku chache za mwezi. Kisha wastani wa samaki wa mtumbwi mmoja huzidishwa kwa idadi ya mitumbwi iliyopatikana kwenye sensa ya uvuvi, ambayo ziwani humo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 2 tangu mwaka 2000.

Tena kilo pekee hazitoshi. Tuseme mwaka jana mtumbwi ulileta kilo 40, na mwaka huu kilo zile zile lakini kwa nyavu maradufu: hapo samaki huenda wanapungua, ingawa mzani haujatikisika. Ndiyo maana nawasihi wavuvi, mkiulizwa idadi ya nyavu na saa mlizokaa majini, msikadirie ovyo.