Kopo limetoweka madukani, jiko bado zima: yanayosemwa na ukweli wake

Natengeneza stovu za pampu na majiko madogo ya gesi hapa Unguja mjini. Wanaonijia ni wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, waongozaji wanaolala mahemani na wageni wao, na vijana wa skauti. Majiko ya gesi wanayoniletea, mengi hayakununuliwa hapa: mgeni alikuja nalo begini, siku ya kuondoka akamwachia mwenyeji wake. Ni majiko mazuri kweli, mepesi, na mwenye nalo hulipenda. Kisha kiwanda kinaacha kutengeneza aina ile ya kopo la gesi linalofungwa kwenye jiko lake, yaliyobaki madukani yanakwisha, na jiko zima kabisa linakaa kabatini. Ndivyo yalivyowakuta wenye majiko ya Coleman yaliyotumia makopo ya aluminiamu ya Powermax. Hapo ndipo unapoanza ushauri wa barazani, na huu ninaoujibu leo nimeshausikia mno.

"Gesi ni gesi, fundi. Nijazie kopo kutoka mtungi wa nyumbani."

Sijazi. Nitalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo litakalomtoa mtu jicho, na kwa sababu wanaoniambia ni watu wazima wenye akili zao, wengine wakiwa wameshanunua kabisa kile kibomba cha shaba cha kuunganishia kopo na mtungi.

Gesi si moja. Ndani ya makopo ya safari mna butani, isobutani na propani, na kila kiwanda hupanga mchanganyiko wake kwa kuangalia kopo lake linahimili nini. Butani huchemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri, isobutani karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Inayochemka kwenye baridi kali zaidi ndiyo inayosukuma kuta za chombo kwa nguvu zaidi likija joto. Kwenye nyuzi 30, ambazo kwetu wakati wa kaskazi ni hali ya kila siku, msukumo wa propani unakaribia mara 4 ya ule wa butani. Mtungi wa kilo 6 au 15 ni chuma kinene kilichotengenezwa kwa msukumo huo na kujazwa tena na tena. Kopo la safari ni bati jembamba lililotengenezwa lijazwe mara moja, kiwandani, kisha litupwe. Wewe unayelijaza uani hujui mtungi wako una propani kiasi gani. Na mimi pia sijui, ndiyo maana siligusi.

Wapo wanaonijibu kuwa wao ni waangalifu, wanapima kwa mizani, hawazidishi gramu 230 zilizoandikwa kwenye kopo. Mizani haikuokoi hapa. Gesi ndani ya kopo imo katika hali ya maji, na propani ni nyepesi kuliko butani, kwa hiyo gramu 230 za propani huchukua nafasi kubwa kuliko gramu 230 za butani. Umepima sawasawa, na kopo bado limejaa kupita kiasi. Maji hayo yakipata joto huvimba. Ndiyo maana hata mtungi mkubwa haujazwi hadi juu, huachwa takriban asilimia 20 ya nafasi iwe wazi. Nafasi hiyo ikikosekana, nyuzi chache tu za joto zinatosha kulipasua bati, kwa sababu maji yaliyobanwa hayana pa kwenda. Makopo mengi yameandikwa yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani bandarini hufika huko bila ya shida.

Kisha ipo koki. Koki ya kopo la safari si ya kuingiza gesi, ni ya kutoa. Ukiilazimisha, chembe ya mchanga au chumvi inaingia chini ya kile kimpira chake, na tangu hapo kopo linavuja polepole bila ya wewe kusikia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi juu na kupeperuka kama moshi. Chomboni huteremka ikajikusanya ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, pamoja na maji machafu na mafuta ya mashine, pahala ambapo upepo hauifikii. Asubuhi mtu anawasha kibiriti kwa ajili ya chai. Wavuvi nawaomba sana walizingatie hili, kwa sababu baharini hakuna pa kukimbilia.

"Mbona jamaa yangu anajaza kila safari na hajapata kitu?" Kopo analolijaza leo si lile la mwaka jana. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huanza kula kwenye mshono wa chini, pale bati lilipokunjwa, ambapo rangi huchubuka kwanza. Kila akilijaza, bati limepungua unene na msukumo ni ule ule. Kaa mbali na kopo lako ukiona kitako chake, ambacho kiwandani kilibonyezwa kwa ndani, kimetokeza nje: hiyo ni dalili kwamba limeshazidiwa.

Sasa, cha kufanya kipo, na hakihitaji kujaza chochote. Lisome jiko lako kwanza. Angalia kama lina mrija mwembamba wa shaba nyeupe au ya njano unaopita katikati ya moto kabla ya kuingia kichwani. Likiwa nao, hilo ni jiko linaloweza kupokea gesi ikiwa bado katika hali ya maji, kwa sababu mrija ukishapata moto huigeuza mvuke njiani. Yale ya makopo ya Powermax ni ya namna hiyo. Jiko kama hili, kwa kiunganishi kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, hutumia kopo la kawaida la kufunga kwa uzi, yaani la kuzungusha kama parafujo, likiwa limepinduliwa, kichwa chini. Lakini liwashe kopo likiwa wima, usubiri mrija upate moto, ndipo upindue. Jiko lisilo na mrija huo linataka mvuke mtupu. Likipata maji ya gesi, moto wa njano unaruka juu ya sufuria na unashika ulichokivaa. Hilo kopo lake lisimame wima siku zote. Kwa swali hili moja tu, maji au mvuke, nusu ya majiko yanayoletwa kwangu kama yamekufa hurudi kazini.

"Makopo marefu ya butani ni dhaifu, hayafai safari."

Maneno haya yametoka nchi za baridi na huko ni kweli. Butani tupu, hewa ikikaribia sifuri, haipandi. Ukienda nayo Kilimanjaro kwenye kambi za juu utakula baridi na wali mbichi. Lakini Misali, Ngezi au ufuo wa Nungwi kuna sifuri ipi? Kwetu yale makopo marefu, yanayotumika mahotelini kwenye majiko ya mezani ya kukaangia mayai mbele ya mgeni, yanafanya kazi vizuri mwaka mzima, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kopo la uzi. Mimi ndiyo ninayowashauri wengi wayahamie. Kopo hilo hulazwa, na ule mpenyo kwenye ukosi wake uelekee juu, ili mrija wa ndani uchukue mvuke na si maji. Ukililaza vibaya unarudi kwenye moto wa njano nilioutaja.

"Kiunganishi chochote kinafaa, au fundi wa mashine anikerezee."

Mkerezaji hodari atakutolea uzi unaoshika vizuri kabisa. Kinachozuia gesi ni kile kimpira cha mviringo, na mpira wa kawaida wa bomba la maji huvimba na kulainika ukikutana na gesi hizi. Tumia mpira wa aina ya nitrili, ubadilishe ukiona umepasuka au umekauka. Kila unapofunga kopo jipya, paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie mapovu. Kijiko cha sabuni na maji, basi. Wanaotafuta mvujo kwa kibiriti wanaupata, na hawaji kunisimulia wakicheka.

"Mafuta ya taa yamekuwa tabu, nikitia petroli kidogo stovu inawaka zaidi."

Usitie hata kizibo kimoja. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike nyuzi 38 au zaidi. Petroli huutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo kusema kwenye joto letu tangi la stovu lenye petroli ndani limejaa mvuke unaosubiri cheche. Stovu ya utambi haikutengenezwa kuuhimili. Watu wameungua uso kwa hili, na wengi walikuwa mama zetu, jikoni, waliouziwa mafuta yaliyochanganywa bila ya kujua. Ukinunua kwa chupa mitaani, nusa. Harufu kali ya petroli ikikupiga, rudisha.

Na yale majiko ya safari yanayosifiwa kuwa yanakunywa kila kitu, hayanywi bila ya kubadilishiwa kitu. Tundu la kutolea gesi ni kubwa kuliko la petroli, na la petroli ni kubwa kuliko la mafuta ya taa. Mtu anaweka mafuta ya taa kwenye tundu la petroli, anapata masizi na moto mwekundu, kisha analaumu jiko.

"Mafuta ya taa yamepitwa na wakati, stovu ya pampu tupa."

Bara walipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo watu wamezoea kuyasema kama kitu kilichokufa. Stovu yenyewe ilibuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist kule Stockholm mwaka 1892, na umbo lake halijabadilika kiasi cha kumshinda fundi wa leo. Ile ngozi ya pampu naikata mwenyewe kwa mkasi na kuiloweka mafuta ya cherehani. Hakuna kiwanda kitakachoweza kuniondolea kipuri hicho. Kwa anayekwenda dago wiki nzima, mbali na duka lolote, hili ndilo jiko ninalomwambia achukue, hata kama ana la gesi zuri mkobani.

"Spiriti ni salama kuliko vyote."

Spiriti hailipuki kama kopo, hilo nakubali. Lakini moto wake mchana hauonekani. Mtu anadhani umezimika, anaongeza spiriti kutoka kwenye chupa, na chupa inashika moto mkononi mwake. Subiri jiko lipoe ndipo ujaze. Beba nyingi pia, kwani kwa uzito ule ule spiriti hutoa joto lisilofika thuluthi mbili ya mafuta ya taa. Na ile dawa ya kusafishia mikono si mafuta ya kupikia, ina maji mengi.

"Kopo la zamani lililobaki dukani limeshaharibika."

Gesi haiozi. Tazama kutu kwenye mshono, tazama kitako, jaribu koki kwa povu la sabuni. Likipita, litumie bila ya wasiwasi.

"Gesi haina moshi, mvua ikinyesha nitapikia ndani ya hema."

Moto wowote unaokosa hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Pikia nje, chini ya turubai lililo wazi pande zote.

"Mgeni wangu ataniletea makopo kwenye begi."

Mashirika ya ndege hayaruhusu makopo ya gesi ya majiko, si kwenye begi la mkononi wala lile la chini. Yatachukuliwa uwanjani na mgeni atafedheheka bure. Mwambie akuletee kiunganishi na vimpira vya akiba, hivyo vinapita, na gesi tutaitafuta hapa hapa.