Kipimo cha kotisoli: kwa nini sampuli isiyo na saa hurudishwa

Malalamiko yanayotufikia maabara yanafanana. Mgonjwa ametolewa damu ya kupima kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kisha anaambiwa sampuli imekataliwa, arudi asubuhi nyingine. Usumbufu huo tunaujua, na pole kwa waliopata. Lakini majibu yasiyo na saa damu ilipotolewa yanaweza kumpotosha daktari.

Kwa anayelala usiku, homoni hii huanza kupanda kabla hajaamka, hufika kileleni dakika 30 hadi 45 hivi baada ya kuamka, halafu hushuka mchana kutwa hadi kuwa chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Kiwango cha kawaida usiku kingetushtua saa 2 asubuhi. Ndiyo maana anayechunguzwa ugonjwa wa Addison, ambapo tezi za adrenali hushindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha, tunamtaka asubuhi. Mwenye ugonjwa wa Cushing, ambapo kotisoli huzidi mwilini, anaweza kuonekana sawa asubuhi, ila usiku kotisoli yake haishuki. Huyo hukusanya mate nyumbani wakati wa kulala. Anawe mikono kwanza: aliyepaka krimu ya haidrokotisoni (kotisoli iliyotengenezwa kama dawa) akashika pamba ya kukusanyia mate kwa vidole hivyo hivyo anatuletea dawa, si homoni yake.

Kwenye fomu iandikwe saa damu ilipotolewa, si saa ilipofika maabara. Iandikwe pia saa ya kuamka, hasa kwa wafanyakazi wa zamu za usiku, pamoja na dawa zote: vidonge, sindano, krimu, dawa za kuvuta za pumu, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, maana hivi hupandisha kipimo cha damu bila tezi kubadilika. Pengo la saa haturuhusiwi kulijaza kwa kukisia, wala kwa kupigiwa simu baadaye. Sampuli hurudishwa, basi.

Lipo jambo linalotusikitisha zaidi: watu kuacha dawa kwa siku kadhaa ili “kipimo kitoke safi”. Tumelisema mara nyingi na bado linaendelea. Anayetegemea haidrokotisoni au prednisoloni, dawa nyingine inayofanya kazi kama kotisoli, akiikatisha ghafla anaweza kushuka shinikizo la damu, kuzimia, hata kufa. Daktari ndiye anayesema dozi ipi isubiri hadi damu itolewe.

Wengine humeza dozi yote jioni ili waamke na nguvu. Haidrokotisoni haikai mwilini muda mrefu hivyo. Hugawanywa mara mbili au tatu, kubwa mara tu ya kuamka, ya mwisho saa kadhaa kabla ya kulala. Hata ikigawanywa vizuri, vidonge vya kawaida haviigi ule mpando wa alfajiri, kwa hiyo wanaolalamika kwamba asubuhi ni nzito hawadeki.

Mgonjwa wa Addison anayetapika dawa asisubiri foleni ya kipimo. Apelekwe hospitali haraka achomwe sindano ya haidrokotisoni, kwa kawaida miligramu 100 kwa mtu mzima. Sampuli isicheleweshe sindano hiyo.